Kasuku wa marehemu baba anaadhini: je, anajua anachosema?

"Assalaamu alaykum Dokta. Tuko Kikwajuni, Unguja. Baba yetu alifariki mwaka jana, katuachia kasuku, wale wa kijivu wenye mkia mwekundu. Alikuwa naye tangu sisi hatujaanza skuli. Alimfundisha kupiga hodi, kutoa salamu na kuadhini, na kila akimaliza humpa korosho. Sasa kila ikikaribia magharibi, na mara nyingine alfajiri, ndege huyu anaadhini kwa sauti ya baba khasa, ila anaruka maneno na katikati anatia mlio wa simu. Mama akisikia analia. Ramadhani iliyopita wifi yangu alifuturu kwa adhana yake, kumbe jua bado. Majirani wanasema kaingiwa na jini, wengine wanasema ni roho ya baba haijatulia, tumfukize ubani au tumwachie aende zake. Kaka yangu anataka kumuuza kwa mgeni mmoja wa hoteli. Nataka kujua, anajua anachosema? Salamu yake tuijibu? Adhana yake ina hukumu gani? Baba anapata thawabu? Na kumweka tunduni si dhambi?"

Waalaykumu ssalaam, dada yangu. Poleni na msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wenu.

Maswali ni mengi lakini mzizi wake naona ni mmoja: sauti ya baba inasikika ndani ya nyumba na baba hayupo, basi anayesema ni nani? Mimi ni daktari wa wanyama. Fiqhi nimeisoma kwa masheikh kama wengi wa mitaa yetu, si mufti. Kwa hiyo upande wa ndege nitakupa jibu la kazi yangu, na upande wa sheria nitakuonesha walivyosema wanavyuoni wa Shafi, madhehebu ya wengi wetu hapa Unguja, kisha nikwambie pa kwenda kuhakikisha.

Jini kwanza, maana hilo ndilo linalowanyima watu usingizi. Katika yote uliyoyaeleza sioni hata moja linalohitaji jini ndipo lifahamike. Sisi sauti yetu hutoka kooni, kwenye nyuzi mbili zinazotikisika pumzi ikipita. Ndege hatumii koo kwa kazi hiyo. Chombo chake kiko chini kabisa ya bomba la pumzi, ndani ya kifua, pale linapogawanyika kwenda pafu la kulia na la kushoto. Kimezungukwa na misuli midogo inayokibana na kukiachia. Kasuku kaongezewa ulimi mnene ambao huusogeza mbele na nyuma kuibadilisha sauti, kama unavyousogeza wako ukisema "a" kisha "i". Ndiyo maana anaweza kuitoa sauti ya mzee wa miaka sabini na mlio wa simu kwa pumzi moja. (Wapo wanaoamini kasuku akikatwa ulimi kidogo, au akilishwa pilipili, husema vizuri zaidi. Kumkata ulimi ni kumuondolea hicho hicho anachosemea. Pilipili haimfanyi lolote, ndege haimwashi kama inavyotuwasha sisi.)

Lakini chombo peke yake hakitoshi. Wanyama wengi huzaliwa na milio yao tayari. Mlee jogoo peke yake asiyewahi kumsikia jogoo mwenzake, bado atawika. Wachache mno wamepewa uwezo wa kuisikia sauti mpya, kuihifadhi, kisha kuijaribu mpaka ilingane: miongoni mwao ni binadamu, nyangumi na pomboo, baadhi ya popo, na katika ndege ni kasuku, ndege waimbaji na vijindege fulani wa mabara ya Amerika wanaofyonza maua. Kasuku wa kijivu ndiye bingwa wao. Asili yake ni misitu ya Afrika ya magharibi na ya kati, Ghana, Kameruni, Kongo huko, na huishi kwa makundi makubwa. Kinda hujifunza milio ya kundi lake, na mlio ndio unaomtambulisha kuwa ni wa pale. Sasa mchukue ndege huyo umweke Kikwajuni, mtu mmoja ndiye anayemlisha, anayemsemesha, anayemkuna kichwa. Kundi lake ni nani? Ni mzee wenu. Akajifunza mlio wa kundi lake.

Na wakati anaochagua, unaowashangaza majirani, nao una sababu. Kasuku wa porini hupiga kelele zaidi nyakati mbili: kukipambazuka, kundi linapotoka mitini kwenda kula, na jua linapozama, linaporudi kulala. Hapo huitana ili asipotee mtu. Nyakati hizo zimekaa juu ya alfajiri na magharibi. Ongeza na vipaza sauti vya misikiti mitatu minne inayowazunguka, ndege hana haja ya kujua saa ya sala. Umesema mwenyewe kwamba ni magharibi na alfajiri. Adhuhuri na alasiri hukuzitaja kabisa.

Atakuja mtu na hadithi ya jogoo, kwamba mkimsikia akiwika muombeni Mwenyezi Mungu fadhila zake kwani ameona malaika, na mkimsikia punda akilia jikingeni na shetani. Hadithi ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, nasi tunaiamini. Lakini imemtaja jogoo na punda. Mambo ya ghaibu hayapimwi kwa kufananisha, kwamba jogoo anaona, basi na kasuku wa fulani naye anaona. Aliyekuja na habari hiyo ni Mtume, rehema na amani zimshukie, na aliyoyanyamazia hatuna pa kuyatoa.

Roho ya baba nayo ni hivyo hivyo. Roho za waliokufa ziko barzakhi, kwenye ulimwengu wao. Nadhani kinachowachanganya watu ni hadithi ya mashahidi, kwamba roho zao zimo ndani ya ndege wa kijani. Ukiisoma mpaka mwisho utaona ndege hao wako Peponi, wanatembea humo watakapo, kisha hurejea kwenye kandili zilizotundikwa Arshini. Si ndege wa kijivu aliyetundikwa ukumbini kwenu.

Sasa je, anajua anachosema? Hapa kuna makosa mawili, na watu wenye akili zao huingia katika yote mawili.

La kwanza ni kusema hajui kitu, ni kukariri tu. Mwaka 1977 mwanasayansi wa Marekani, Irene Pepperberg, alianza kumfundisha kasuku wa kijivu aitwaye Alex, akaendelea naye mpaka alipokufa mwaka 2007. Alex alijifunza majina ya vitu, rangi na maumbo, akahesabu mpaka sita. Ukimuonesha vitu viwili ukamuuliza vimetofautiana nini, alijibu: rangi, au umbo. Akitaka ndizi akapewa kitu kingine, alikikataa. Huyo hakariri tu. Mwaka 2020 watafiti walichapisha jaribio ambalo kasuku wa kijivu walikuwa wakiwapa wenzao vipande vya chuma vya kubadilishia chakula, wenzao walipokuwa hawana, na wao wenyewe hawakupata chochote papo hapo. Na mwaka 2012 kundi la wanasayansi wa ubongo walikutana Cambridge, Uingereza, wakatoa tamko kwamba binadamu si peke yake mwenye ubongo unaoweza kubeba fahamu, na kasuku wa kijivu wakatajwa kwa jina.

La pili ni kusema anajua, basi anajua kama sisi. Alex alijua neno la kitu kwa sababu neno lilifungwa na kitu: aseme, apewe, akiguse. Adhana ya ndege wenu ilifungwa na nini? Umenijibu mwenyewe bila ya kukusudia. Ilifungwa na korosho, na uso wa baba kufurahi. Usinielewe vibaya, siidharau adhana. Nasema kwamba katika kichwa cha ndege yule, sauti tunayoifahamu kuwa ni wito wa Mola inakaribia kuwa: "Mzee, niko hapa, njoo." Ndiyo maana haoni tatizo kuruka maneno akatia mlio wa simu. Simu ikilia mzee alikuwa akiinuka, akisogea. Kwa ndege, zote mbili ni sauti zinazomleta mtu.

Mtazame jicho akianza. Kasuku mzima ana jicho la rangi ya manjano iliyopauka, na akisisimka mboni hupungua ikawa nukta kisha ikapanuka, mara kadhaa. Utaona pia anaelekea wapi. Nadhani utamkuta anatazama mlango alioingilia mzee.

Hapa ndipo naona Qur'ani inatusaidia kuliko tunavyodhani. Watu wakitaka kuthibitisha kwamba ndege anafahamu hukimbilia kasuku anayesema maneno yetu. Lakini itazame Surat An-Naml. Nabii Sulaiman, amani iwe juu yake, anawaambia watu kwamba wamefunzwa usemi wa ndege. Hakusema ndege wamefunzwa usemi wa watu. Muujiza ni wa yeye kuelewa. Ndege walikuwa na lugha yao tangu zamani. Ndege aitwaye Hudhud alipomjia na habari za nchi ya Saba hakusifiwa kwa kuigiza sauti ya mtu, alileta habari aliyoiona na kuifahamu. Katika Surat An-Nur tunaambiwa kwamba ndege wakiwa wamekunjua mbawa zao, kila mmoja ameijua sala yake na tasbihi yake. Katika Al-Israa kwamba hakuna kitu ila kinamsabihi Mola, lakini sisi hatufahamu tasbihi yao. Na Al-An'am inasema wanyama na ndege ni umma kama sisi.

Kwa hiyo kama unatafuta ibada ya kasuku huyo, haimo katika "Hayya alas-salah" aliyofunzwa kwa korosho. Imo katika milio yake mwenyewe, ile ya asubuhi inayowakera, ambayo mimi na wewe hatuijui maana. Mimi binafsi naona kumwambia kasuku "huyu Muislamu, anaadhini" ni kumpunguzia. Anayo yake tayari.

Hukumu zenyewe ni nyepesi. Salamu yake si wajibu kuijibu, kwa sababu anayestahiki jibu ni mtu aliyekusudia kukusalimu. Ukijibu kwa mazoea au kuwafurahisha watoto, hakuna ubaya. Adhana yake haihesabiki, kwani muadhini sharti awe Muislamu mwenye kupambanua, na wala si sunna kuifuatisha kama unavyofuatisha ya msikitini. Wanavyuoni wetu walilitazama jambo hili zamani: walipoandika juu ya sijda ya kisomo, ile ya kusujudu inaposomwa aya fulani za Qur'ani, walisema haisujudiwi kwa kisomo cha aliyelala wala cha ndege aliyefundishwa, kwa sababu kisomo hicho hakikukusudiwa. Kisa cha kwenu si kigeni basi, hao walikuwa na kasuku majumbani mwao. Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Shafi, kamtaja kasuku pia kwenye mlango wa vyakula, kwamba kauli yenye nguvu ni kuwa haliwi, nami nashukuru.

Wifi yako atalipa siku hiyo moja, ndiyo kauli ya Shafi na ya wengi, kwa kuwa imedhihiri alikula jua halijazama. Dhambi hana, maana alidhani. Lakini Ramadhani ijayo aangalie saa.

Thawabu za baba: sitakwambia kwamba kila adhana ya ndege inaandikwa kwake, kwa sababu hakuna dalili. Tulichofunzwa ni kwamba mtu akifa amali yake hukatika ila kwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemuombea. Muombeeni. Na kulikuwa na jambo jingine alilokuwa akilifanya kila siku, nalo lina ujira kwa nafsi yake: alimlisha na kumnywesha kiumbe hai. Mtume aliulizwa kama tuna ujira kwa wanyama, akajibu kwamba katika kila chenye ini bichi kuna ujira.

Kumweka tunduni, basi. Anas bin Malik alikuwa na mdogo wake aitwaye Abu Umair, mtoto mdogo, na alikuwa na kijindege akicheza nacho. Kikafa. Mtume alipomkuta amehuzunika alimtania kwa upole: "Ewe Abu Umair, kijindege kimefanya nini?" Wanavyuoni wakatoa humo ruhusa ya kufuga ndege. Upande wa pili kuna yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Ruhusa basi ina masharti, na sharti si maji na mbegu tu. Kiumbe tuliyetoka kumueleza, mwenye kumbukumbu na mwenye kumtambua mwenzake, akiwekwa kwenye tundu asiloweza kukunjua mbawa, na kutwa nzima hasemeshwi, hapo mtu ajiulize. Mimi nimeona tundu nyingi za aina hiyo mjini, zimetundikwa barazani juu ya jiko.

Kumwachia aende zake sikushauri kabisa, ingawa najua mnaolitaka mnalitaka kwa huruma. Hajawahi kujitafutia chakula, na Unguja hakuna kundi la kasuku wa kijivu la kumpokea. Kuna kunguru. Hao waliletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wale taka, na tangu wakati huo wanawaandama ndege wengine, makinda na mayai. Sidhani kama atamaliza wiki.

Ubani pia msithubutu. Mapafu ya ndege hufyonza hewa kwa nguvu kuliko yetu, na moshi unaotufanya sisi tupige chafya unaweza kumuua. Udi wa Ijumaa, chetezo, dawa ya mbu ya kuchoma, vyote mbali na chumba chake. Mbaya zaidi ni sufuria na vikaango visivyogandisha: vikisahauliwa motoni vikapata joto kupita kiasi hutoa hewa ambayo mtu haioni wala hainusi vizuri, na kasuku huanguka hapo hapo. Na parachichi asipewe hata kipande, ni sumu kwake.

Kaka yako na mgeni wa hoteli: asubiri. Tangu Januari 2017 kasuku wa kijivu yumo katika daraja la juu la mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, CITES, na biashara ya kuvusha mipaka wale waliotoka porini imepigwa marufuku. Mgeni akikamatwa naye uwanja wa ndege, muuzaji naye ataulizwa. Na kuna jambo naona halijamjia: ndege huyo ni mali ya marehemu. Kasuku ana manufaa yanayozingatiwa, kuuzwa kwake ni sahihi, basi anaingia katika mirathi kama baiskeli na kitanda. Mama ana thumni yake, yaani moja ya nane, katika ndege huyo, na nyinyi watoto mna yenu. Hakuna mrithi mmoja anayeweza kumuuza bila ya ridhaa ya wengine. Mkishindana, hilo ni la Kadhi, na kwa fatwa ya yote niliyoyataja mlango wa Ofisi ya Mufti uko wazi, au sheikh wa msikiti wenu anayekujueni.

Kilichobaki ni mama. Sitakwambia "azoee". Kuna anayepata faraja kwa sauti kama hiyo na kuna anayeumizwa nayo kila siku, na mwenye kujua ni yeye peke yake. Muulizeni, maana katika barua nzima sikuona mahali alipoulizwa. Akisema haiwezi, mpelekeni ndege kwa jamaa anayempenda mnyama, atakayeweza kukaa naye. Hiyo si khiyana kwa mzee. Akisema abaki, kuna njia ya kupunguza. Hamuwezi kumfuta sauti, lakini kasuku hushikilia zaidi ile inayoleta watu. Akianza adhana, msikimbilie, msimpigie kelele, msicheke, kila mtu aendelee na kazi yake. Akipiga mbinja au akasema jingine, hapo hapo mwendeeni, msemesheni, korosho impate. Pole pole atachagua ile inayolipa. Nusu saa kabla ya magharibi mtu mmoja akae naye: ndio wakati anaouliza mko wapi, akishajibiwa hana haja ya kuita sana. Naye kafiwa, kwa namna yake. Kasuku hufungamana na mwenza mmoja kwa miaka, na sioni kosa kusema anamkosa mzee.

Mletee jua la asubuhi, mpe mchicha, karoti, boga na papai pamoja na mbegu, kwani kasuku wa kijivu anayelishwa mbegu tupu hupungukiwa vitamini A na madini ya chokaa (kalsiamu), na huweza kushikwa na degedege. Hawa wakitunzwa hufika miaka arobaini, hata sitini, kwa hiyo amueni mapema nani atamchukua baada ya mama.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo upesi ukiona ananyonyoa manyoya yake ya kifua, amejikunyata chini ya tundu, mkia unapanda na kushuka akipumua, au kinyesi kimebadilika. Na mtu wa nyumbani, khasa mama au mtoto, akipata homa, kichwa kikali na kikohozi kikavu kisichoisha, aende hospitali na amwambie daktari kwamba nyumbani mna kasuku. Kuna maradhi ya mapafu yanayotoka kwa ndege hawa kupitia vumbi la kinyesi kilichokauka. Yana dawa, lakini daktari asipoambiwa hawezi kuyafikiria. Tundu lisafishwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe kavu. Mkimleta kwa daktari, njooni asubuhi mapema, mmefunika tundu kwa kanga upande mmoja tu ili hewa ipite, na mje na karatasi yenye kinyesi cha siku ile.